Mashine ya presha mkobani: kisa cha mfanyabiashara wa minada aliyeogopa kufa ghafla

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatoka kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya umma mkoani Dodoma. Mgonjwa ameridhia kiandikwe. Umri, bidhaa anazouza, muundo wa familia yake na baadhi ya maeneo nimeyabadilisha, na vituo alivyopitia sivitaji. Nitamwita Mama Zawadi, ambalo si jina lake wala la mwanawe.

Nawaandikia wenzangu wanaofanya tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayobadili mawazo na mwenendo, katika hospitali za Serikali, hasa wanaopokea watu wenye mashambulio ya hofu waliokwisha kupita milango mitano kabla ya kufika kwao.

Usuli

Mama Zawadi ana miaka arobaini na kitu, ameolewa, ana watoto wanne na amesoma hadi darasa la saba. Kwa zaidi ya miaka kumi ameuza masufuria na vyombo vya plastiki kwenye minada ya vijijini: leo Bahi, keshokutwa Chamwino, na wiki ikiwa nzuri anafika hadi upande wa Manyoni. Wafanyabiashara hawa huchangiana kukodi kenta. Mizigo inapangwa chini, watu wanakaa juu yake. Wanatoka alfajiri, wanatandika maturubai, wanauza juani mchana kutwa na kurudi na giza. Kula ni pale mteja anapopungua.

Mume wake ni fundi ujenzi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kazi za ujenzi zimekuwa nyingi, lakini ni za leo ipo, kesho haipo. Ada za watoto na marejesho ya kikoba yalitegemea mnada.

Mambo mawili yalitangulia ugonjwa. Kwanza, mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi. Miezi michache baadaye mfanyabiashara mwenzao alianguka mnadani saa nane mchana, akakata roho kabla ya kufikishwa kituo cha afya. Watu wakasema ni presha. Mama Zawadi ndiye aliyekuwa amemshika kichwa.

Shambulio la kwanza lilimpata mwezi wa Oktoba, wakati joto la Dodoma limekolea na mvua bado. Walikuwa ndani ya kenta wakirudi, na yeye hakuwa ametia kitu tumboni tangu chai ya alfajiri. Moyo ulianza kwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, macho yakaingia giza. Akapiga kelele gari lisimame. Wenzake wakammwagia maji na kumkimbiza kituo cha afya kilichokuwa njiani. Presha ikasoma 158/96. Akatundikiwa dripu, akachomwa sindano ya diazepam, dawa ya kutuliza, akalala. Alipoamka mhudumu akamwambia, "Mama, una presha. Punguza mawazo."

Katika mwaka uliofuata alipimwa karibu kila kitu: umeme wa moyo, sukari, wingi wa damu, malaria, na tezi ya shingo, ambayo familia ililipia yenyewe. Vyote vilikuwa sawa. Presha yake akiwa ametulia, ilipopimwa kwa siku tofauti, ilikuwa chini ya 140/90, mpaka unaotumika kliniki kusema mtu ana shinikizo la damu. Lakini hakuna aliyekaa naye akamwambia wazi kwamba ile kauli ya kwanza haikuwa sahihi. Badala yake kila mlango ulimwongezea kitu. Mmoja ulimpa dawa za vidonda vya tumbo, mwingine amitriptyline, dawa ya zamani ya sonona, miligramu 25 kila usiku, mwingine vidonge vichache vya diazepam vya kumeza "ukizidiwa". Kanisani walimwombea. Majirani walisema ni mkono wa mtu, kwa kuwa biashara yake ilikuwa imechangamka. Mume naye, kwa mapenzi yake, akamnunulia mashine ndogo ya kupimia presha, ile ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono.

Alipofika kwetu alikuwa hajakanyaga mnadani kwa miezi mingi. Mtaji ulikuwa umeliwa. Alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu ili kulipa marejesho ya kikoba, na mkopo huo nao ulikuwa unamkausha kweli. Daladala hapandi bila wifi yake pembeni. Ibadani anakaa benchi la nyuma, mlangoni.

Tathmini

Daktari wa wagonjwa wa nje alimpa rufaa ya mstari mmoja: "Wasiwasi? Presha? Tafadhali msaidieni." Ile alama ya kuuliza mbele ya presha ilikuwa tayari historia nzima ya mwaka wake.

Chumba chetu tunakitumia kwa zamu na muuguzi anayechoma sindano za kila mwezi, kwa hiyo wagonjwa wa mazungumzo huwekwa mchana, foleni ya dirisha la dawa ikishapungua. Kikao ni dakika thelathini na tano, arobaini ukibahatika, na mlango utagongwa. Ukipanga tiba kana kwamba una saa nzima ya utulivu, utakuwa unaikatisha njiani kila wiki.

Aliingia na wifi yake. Kabla hajakaa sawasawa alifungua zipu ya mkoba, akatoa mashine, akaizungushia mkononi, akakodoa macho kwenye kioo. 139/88. Akapima tena papo hapo: 146/91.

"Unaona, daktari? Inapanda."

"Ikipanda hivi huwa unafanya nini, mama?"

"Napima tena."

"Ukikuta imeshuka?"

"Namshukuru Mungu. Halafu nasubiri kidogo, napima nione kama imekaa hukohuko."

Kwa kukadiria mwenyewe, alipima "mara tano, sita" kwa siku. Wifi akacheka kwa pua, akasema kaka yake analalamika kwamba nyumbani betri zinaisha kabla ya sukari. Nilipouliza kama ana kitu kingine anachotembea nacho, alifungua fundo la pindo la kanga na kunionyesha nusu ya kidonge cha diazepam kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Kilikuwa kimeshaanza kusagika pembeni kwa kukaa humo siku nyingi. Hakukimeza. Alitaka tu kujua kipo.

Kwenye GAD-7, dodoso la wasiwasi, alipata 17 kati ya 21, na kwenye PHQ-9, dodoso la sonona, alipata 12 kati ya 27; alama zikiwa juu, hali ni mbaya zaidi. Maswali nilimsomea. Anasoma vizuri, ila ukimwachia mtu karatasi kwenye benchi la kusubiria, anayejibu ni msindikizaji. Lile swali la tisa la PHQ-9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, niliomba wifi atupishe kwanza. Sheria yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo, hivyo mbele ya ndugu jibu huwa "hapana" hata kabla hujamaliza kuuliza. Tulipobaki wawili alisema kuna usiku mmoja, deni lilipobana, alitamani asiamke. Hakuwa na mpango, hakuwahi kujaribu, na aliwataja watoto wake mwenyewe bila kuulizwa. Tulikubaliana swali hilo tutalirudia kila kikao, na tulilirudia.

Ramani ya tatizo

David Clark wa Uingereza alieleza mwaka 1986 mzunguko ambao wengi wetu tunaufuata mpaka leo: mtu anahisi badiliko mwilini, analitafsiri kuwa dalili ya maafa yaliyo mlangoni, hofu inapanda, na hofu yenyewe inazidisha badiliko lile. Kwa Mama Zawadi maafa yalikuwa na jina na sura, kiharusi cha mama yake na kifo cha mwenzake. Moyo ukidunda anajiuliza, "Ndiyo inaanza?" Anapumua harakaharaka, hewa ya kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, vidole vinaingia ganzi, na kwake ganzi ni kupooza.

Hadi hapo ni kitabuni. Kilichohitaji kufikiriwa zaidi ni vile alivyopewa ili vimsaidie. Mashine, nusu kidonge, wifi, chupa ya maji, benchi la mlangoni: shambulio likipita, sifa inakwenda kwa kimoja kati ya hivyo. "Bila wifi ningekufa." Hapati nafasi ya kugundua kwamba lingepita lenyewe. Na vyote vilitoka kwa watu wanaompenda au kwa watumishi wa afya, kwa hiyo kuvitoa ni kugusa heshima za watu.

Kulikuwa pia na dawa. Amitriptyline inaweza kuharakisha mapigo ya moyo na kukausha mdomo. Mtu anayevizia moyo wake usiku kucha, unampa kidonge kinachouongezea mwendo.

Kuna hoja moja tunayoipenda sana sisi wa fani hii: mtu huzimia presha ikishuka, na kwenye hofu presha hupanda, hivyo shambulio la hofu si rahisi likuzimishe. Ni kweli, na kwa anayeogopa kuzimia ni dawa. Kwa Mama Zawadi ingekuwa petroli kwenye moto. Yeye hakuogopa kuzimia. Aliogopa namba ya juu, na hoja hiyo inamthibitishia kwamba namba inapanda. Ndiyo sababu tuliiacha kabisa na kutafuta njia ya kumwonyesha kwamba presha ya kila mtu mzima hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku, na kwamba kupanda kwa dakika chache kwa hofu au kwa ngazi si ugonjwa wa shinikizo la damu.

Maamuzi na yaliyofuata

*Presha ni ya nani.* Kabla ya zoezi lolote nilikaa na daktari na muuguzi wa kliniki ya presha na kisukari. Daktari alipitia vipimo vyote na kuthibitisha kwamba hana tatizo la moyo, pumu, kifafa wala ujauzito, kwa kuwa mazoezi ya kuamsha dalili, yaani kuzileta dalili za hofu kwa makusudi ili mgonjwa aone zinaishia wapi, hayafanywi kwa kubahatisha. Tukaelewana kwamba presha yake itapimwa mara moja kwa mwezi, kliniki, kwa kifaa cha mkono wa juu, akiwa ameketi kimya dakika tano. Mtu mwingine yeyote hospitalini akiombwa "nipime tu mara moja, mwanangu" atamrudisha kwa muuguzi huyo. Lilikuwa jambo dogo, lakini ndilo lililochukua maneno mengi kuliko yote, maana kumnyima mama kipimo cha presha kunaonekana ni roho mbaya.

Muuguzi ndiye aliyefanya somo lenyewe. Alijipima mbele ya Mama Zawadi, 121/78, akapanda na kushuka ngazi za jengo la wodi mara kadhaa kwa mwendo wa haraka, akarudi anahema, akajipima: 150/84. Kisha wakakaa wakipiga soga za bei ya mafuta ya alizeti, na baada ya muda ikawa 124/80. Mama Zawadi aliichukua ile mashine, akaigeuzageuza. "Na wewe huna presha?" "Sina, dada yangu. Nina ngazi."

*Mashine.* Sikumnyang'anya. Kitu kilichonunuliwa na mume kikibaki kwangu, kesho kutakuwa na maneno nyumbani. Tulianza kwa kuchelewesha: akitaka kupima, asubiri nusu saa kwanza. Kisha mashine ikawa inabaki nyumbani akija kliniki. Hatua ya mwisho alibuni mwenyewe. Mama mkwe wake ana shinikizo la damu la kweli, anameza dawa kila siku na hana mashine. Akampelekea kama zawadi. Ukishampa mkweo kitu, huendi kukidai, na hilo alilijua vizuri kuliko mimi.

*Vidonge.* Hapa uamuzi ulikuwa wa daktari. Diazepam alikuwa ameitumia mara chache sana, kwa hiyo haikuhitaji kupunguzwa kidogokidogo. Angekuwa anaimeza kila siku kwa miezi, kuikatisha ghafla kungekuwa hatari. Amitriptyline ilipunguzwa taratibu, akaanzishiwa fluoxetine, dawa ya sonona na wasiwasi, kwa dozi ndogo, na akaambiwa mapema kwamba siku za mwanzo anaweza kujisikia wasiwasi zaidi. Mwezi mmoja fluoxetine iliisha kwenye dirisha letu la dawa, akaikosa kwa wiki kadhaa kabla ya kuinunua duka la dawa la nje.

*Daftari.* Jedwali la mawazo, lile lenye safu saba ambalo mgonjwa huenda nalo nyumbani kuandika mawazo yake ya hofu, lilirudi jeupe, limekunjwa mara nne. Wiki iliyofuata pia. Nilimuuliza biashara yake anaiandikaje, akatoa mkobani daftari la madeni, lenye ukurasa mmoja kwa kila mteja anayechukua sufuria kwa mali kauli: tarehe, ameahidi nini, ameleta nini. Tukaifungulia hofu ukurasa wake kama mteja mwingine yeyote. Tarehe, mahali, imeahidi nini, imeleta nini.

Ukurasa huo aliujaza bila kusukumwa. Zoezi la kwanza lilikuwa la kupumua haraka kwa makusudi kama dakika moja, chumbani, wote wawili. Aliandika kwanza: "Imeahidi: mkono wa kushoto utapooza." Tukapumua. Vidole vikafa ganzi, midomo ikachezacheza, akanitazama kwa mshangao. "Ndiyo hii! Hii hii ya kwenye kenta!" Tukasubiri. Akaandika: "Imeleta: ganzi, imeondoka yenyewe." Tulifanya pia kuzunguka tukiwa tumesimama na kukimbia papo kwa papo, kila mara ahadi kwanza, matokeo baadaye. Baada ya wiki kadhaa alipitisha kidole kwenye safu ya ahadi, kiharusi, kiharusi, kuanguka, kiharusi, kisha kwenye safu ya pili. "Huyu angekuwa mteja ningeshamkatia mkopo zamani."

Pumzi ya taratibu aliyofundishwa kwingine, kuvuta kwa hesabu na kushusha kwa hesabu, tulikubaliana aiweke pembeni. Si mbaya yenyewe. Ila yeye aliitumia kuzuia kiharusi, na kila ilipofanya kazi ilimthibitishia kwamba kulikuwa na kiharusi cha kuzuiwa.

*Wifi.* Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Wifi alikuwa ameacha genge lake la mboga siku nyingi ili kumsindikiza. Ukimwambia tu "usije tena", umemwambia kazi yake yote haikuwa na maana, na ukoo utasikia kwamba amemtelekeza mgonjwa. Nilimwita akae nasi.

"Daktari, akianguka njiani, kaka yangu nitamwambia nini?"

"Umemsindikiza mwaka mzima. Ameanguka mara ngapi?"

Akafikiri. "Hajawahi. Lakini nilikuwepo."

Mama Zawadi akamtazama, akasema polepole, "Hata mimi nasema hivyohivyo."

Hakuna maelezo yangu yaliyofikia sentensi hiyo. Hata hivyo wifi alihitaji kazi nyingine, si kufukuzwa. Tukampa mbili. Ya kwanza ni kuacha kumuuliza "unajisikiaje?" kila baada ya dakika kumi. Ya pili ni kuhakikisha anakula kabla ya kutoka. Mtaalamu mmoja aliniuliza kama kifungua kinywa nacho hakitageuka kinga kama kile kidonge. Kinaweza. Lakini mtu anayekaa juani kutwa anapaswa kula, na sitamnyima uji ili niwe mwaminifu kwa nadharia. Siku zilizofuata walipanda daladala moja viti tofauti, kisha wifi akapanda gari la nyuma, kisha akabaki gengeni kwake.

*Maombi.* Suala hili lilipita haraka kuliko nilivyotarajia. Sikuwa na nia ya kugusa imani yake. Nilimuuliza tu kama anaomba ili apate nguvu ya kwenda, au anaomba ili asilazimike kwenda. Alicheka, akasema mchungaji wake angelipenda swali hilo.

*Mnada.* Hospitali haina fungu la kunipeleka mnadani na mgonjwa, kwa hiyo mazoezi ya nje niliyofanya naye yaliishia kituo cha daladala. Mengine alifanya peke yake, na tuliyapanga kwa makini zaidi kwa sababu hiyohiyo. Alianza Msalato, kwa kuwa ni karibu na mjini na usafiri upo, kama mnunuzi tu, bila mzigo. Kisha akaenda na mzigo mdogo aliokopeshwa na mwenzake. Kisha kenta ya Bahi, na alichagua mwenyewe kurudi na gari la mchana, jua likiwa kali, ili ifanane na ile siku ya kwanza.

Katikati ya safari lilimpata. Moyo, kifua, ganzi, vyote. Daftari lake linasema: "Imeahidi: leo ndiyo leo. Imeleta: jasho." Hakusimamisha gari. Alichoniambia baadaye ni kwamba dereva alikuwa amefungulia redio kwa sauti ya kukera, akajikuta anakasirika badala ya kuogopa, na walipofika mjini hakumbuki lilikwisha saa ngapi.

*Mvua.* Mvua za Desemba zilipoanza akaenda shambani kwao kupanda alizeti na karanga, kama nusu ya wagonjwa wetu, na vikao vikakatika. Huko akapata habari za msiba wa mwanakikundi mwenzao, kifo cha ghafla. Usiku huo moyo ukaanza. Akapelekwa kituo cha karibu, akatundikiwa dripu, akachomwa diazepam, akaambiwa apunguze mawazo. Yaani tulirudishwa pale Oktoba. Kwa majuma kadhaa alikwenda kwa mkwewe "kumsalimia" na kuomba kupima. Mkwe, bila kujua lolote la tiba yetu, alimwambia mashine ni ya wagonjwa.

Aliporudi kliniki hatukuanza upya. Tulifungua daftari, akaandika usiku ule wa shambani kwenye mstari wake, tukarudia zoezi la pumzi mara moja, na wiki hiyohiyo akapanda kenta.

Matokeo

Takriban miezi sita baada ya kikao cha mwisho cha mfululizo, GAD-7 ilikuwa 6 na PHQ-9 ilikuwa 5. Mawazo ya kutamani kutoamka hayakuwa yamerudi. Mwezi uliotangulia alikuwa amepata shambulio moja, alilolieleza kwa sauti ya mtu anayezungumzia mgeni asiyebisha hodi. Presha kliniki: 126/80.

Anafanya minada ya Bahi na Chamwino kila wiki. Safari za kulala huko, kama Manyoni, bado hazijarudi. Anasema ni kwa sababu ya mtaji. Nadhani mtaji ni sehemu ya sababu. Kausha damu amemaliza kuilipa, kikoba bado. Anaendelea na fluoxetine chini ya daktari.

Uchambuzi

Siwezi kudai kwamba mazungumzo peke yake ndiyo yaliyofanya kazi. Amitriptyline iliondolewa na fluoxetine ikaingia katika miezi ileile aliyokuwa akifanya mazoezi, na kwa mgonjwa mmoja huwezi kutenganisha. Kinachonielekeza upande wa mazoezi ni mpangilio wa mambo: aliacha kupima presha kabla fluoxetine haijapata muda wa kutosha kufanya kazi, na wiki alizokosa dawa hazikuwa zilezile alizorudi nyuma. Alirudi nyuma baada ya msiba, sindano na dripu. Ni ushahidi mwembamba, lakini ndio uliopo.

Ufupi wa vikao haukutudhuru kama tunavyolalamika mara nyingi. Clark na wenzake walilinganisha mwaka 1999 tiba kamili ya hofu ya vikao kumi na viwili na ile fupi ya vikao vitano, ambapo mgonjwa anajisomea na kujifanyia sehemu kubwa mwenyewe, na ile fupi haikuwa nyuma. Sharti lake ni kwamba kazi ya nje ya chumba ifanyike kweli. Kwetu ilifanyika pale tu tulipotupa jedwali lenye safu saba. Fomu hizi tumezirithi kutoka mahali ambako mtu anakaa mezani jioni na kalamu. Mama Zawadi ana daftari tayari, ana nidhamu ya daftari kuliko watumishi wengi, na alihitaji ukurasa mmoja tu. Mgonjwa asiyeandika kabisa ningemtafutia njia nyingine, lakini ningeanza palepale, kwa kuuliza kazi yake ya kila siku inatunzaje kumbukumbu.

Kumpa wifi kazi mpya kulizaa zaidi ya kumpa mgonjwa elimu. Tukiandika mpango wa tiba tunaandika kana kwamba mgonjwa anaishi peke yake, halafu tunashangaa msindikizaji anapoubomoa nje ya mlango. Ningependa msindikizaji aingizwe mapema zaidi ya hapa, kwenye kikao cha pili hata kama kitakuwa na kelele.

Kilichokwama ni mawasiliano kati ya vituo. Kliniki moja ilielewana vizuri kuhusu nani anapima presha na kwa nini, lakini makubaliano hayo yaliishia getini. Mhudumu wa zamu ya usiku kijijini hakuwa na namna ya kuyajua. Mbele yake alikuwa na mama anayehema na namba ya juu, akafanya anachojua. Simlaumu. Dripu na sindano humaliza foleni, na mgonjwa huondoka ametulia. Gharama yake inaonekana wiki tatu baadaye, kwenye chumba cha mtu mwingine.

Tangu hapo, kwa kila mgonjwa wa aina hii, daktari wetu anaandika ukurasa mmoja unaobandikwa ndani ya daftari lake la matibabu: vipimo vilivyokwisha kufanyika na tarehe zake, presha yake ya kawaida, dalili za shambulio lake la hofu, dalili ambazo akizipata ni lazima achunguzwe upya kama mgonjwa mwingine yeyote (udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, kuongea kusikoeleweka, maumivu ya kifua yanayokuja na kazi nzito), na ombi la kutompa diazepam bila sababu nyingine. Ukurasa wa Mama Zawadi umeshatumika mara moja, kwenye kituo cha afya alikopelekwa na wenzake baada ya kuhema njiani. Mhudumu aliusoma, akampima kama inavyotakiwa, akamkalisha kwenye benchi na kikombe cha chai, na kenta ikamsubiri.